Kunguru Hana Ukuta Nyuma Yake

Jamaa yangu wa Ukunda ana bunduki ya halali ambayo mtutu wake umechoka. Anataka kuubadilisha, na tangu Ramadhani hatuna amani barazani: aweke mtutu wa risasi gani ili awamalize kunguru? .17 HMR? .22 Hornet? Au .223 kabisa? Amenitumia vidio mpaka bando imekata. Mimi nasema asiweke wowote, na mnaoniita mpenda kunguru nisikizeni kwanza.

Siwapendi. Kwa bibi yangu Msambweni walimaliza vifaranga 11 kwa wiki moja, mchana kweupe, bibi amesimama pale na fagio mkononi. Na wala si wetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wale taka, wakasambaa hadi huku, na sasa wanavamia viota vya ndege wetu. Juni 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja kufikia mwisho wa mwaka. Kwa hivyo msinisingizie huruma.

Swali langu ni moja: risasi inaenda wapi? Hizi risasi ndogo zilipata umaarufu Marekani kwa kupigia wanyama wadogo wanaochimba mashimo malishoni. Mpigaji amelala kifudifudi, mnyama yuko chini, na nyuma ya mnyama kuna udongo. Udongo ndio unaomeza risasi. Kunguru wa Diani anakaa wapi? Juu ya mnazi, juu ya mwembe, juu ya bati la choo. Nyuma yake ni anga, na chini ya anga hiyo kuna Ukunda nzima: uwanja wa ndege, madrasa, bodaboda stejini, mbega wanaovuka Beach Road kwa madaraja ya kamba.

Watu wakisikia "ndogo" wanadhani ni feya. Risasi ya .223 ina gramu 3.6 hivi, lakini hutoka mtutuni kwa karibu mita 980 kwa sekunde, karibu mara tatu ya mwendo wa sauti. Hata ile .22 ya kawaida ya kuchezea shabaha inaweza kufika zaidi ya kilomita 2. Jamaa anajibu kwamba .17 HMR ni gramu moja tu na hupasuka ikigonga. Sawa, ikigonga. Ukikosa je?

(Halafu mtutu si kava ya simu. Komeo la .223 halishiki ganda la Hornet, na .17 HMR hupigwa ukingoni, si katikati. Niliacha chuo mwaka wa pili na hata mimi najua hilo.)

Mwaka juzi jirani alimlenga kunguru kwa bunduki ya upepo. Ya upepo tu! Kunguru akaruka, tangi kuukuu la bibi likatoboka, maji ya wiki nzima yakaishia mchangani. Jirani akaja na gundi na pole. Kunguru wakarudi jioni ile ile kunywa pale palipolowa.

Wanachofuata ni matumbo ya samaki, wali wa hoteli na mapipa yasiyo na vifuniko. Kwa bibi tulipanda mwembe kwa ngazi tukabomoa viota vinne, tukafukia taka, na vifaranga wa safari hii wanalala ndani ya tenga. Wamebaki tisa.

Nikamwambia jamaa pesa ya mtutu ingenunua vifuniko vya mapipa ya mtaa wake wote. Amenitumia vidio nyingine.