Mitumbwi ya Pasaka: Kutoka Devizes Mpaka London

Mtu wa Lamu au wa kando ya Ziwa Victoria apandapo mtumbwi huwa ana haja yake: ataka samaki, au apeleka mzigo, au avuka kwenda kuzika. Akisikia kwamba huko Uingereza watu hukutana kila Pasaka wakapiga kafi maili 125 bila kutafuta hata samaki mmoja, tena kwa kulipa ada ya kuingia, yamkini atauliza kama watu hao wana akili timamu. Swali hilo ni la haki, na Waingereza wenyewe huliuliza. Walakini ndani ya mashindano hayo yamo mambo ambayo mvuvi angeyafahamu upesi kuliko karani wa London.

Mwanzo wake ni Devizes, mji wa soko katika jimbo la Wiltshire, magharibi ya London. Hapo wapita mfereji wa Kennet and Avon, uliomalizika kuchimbwa mwaka 1810 ili mashua zipate kuchukua makaa ya mawe na shehena nyingine. Reli ilipofika mwaka 1841 iliunyang'anya mfereji kazi yake, na baada ya vita vikuu vya pili sehemu nyingi zilikuwa zimesongwa na majani, na milango yake ya maji imeoza. Katika hali hiyo, Pasaka ya mwaka 1948, vijana wanne wa Skauti wa Devizes walijaribu kufika Westminster kwa mtumbwi katika muda usiozidi saa 100, ili chama chao kipate fedha walizoahidiwa na watu wa mji. Walifika kwa saa 89 na dakika 50. Tangu mwaka 1950 safari hiyo imekuwa mashindano ya kila mwaka, ingawa mwaka 2020 haikufanyika kwa sababu ya maradhi ya korona. Mfereji nao ulitengenezwa, na Malkia Elizabeth wa Pili akaufungua tena mwaka 1990.

Ijumaa Kuu huondoka vijana, na wale wapigao kafi peke yao. Hao hulala njiani usiku tatu na kufika Jumatatu. Watu wazima wawili wawili huondoka Jumamosi, nao hawalali kabisa. Mtumbwi wao ni mwembamba, urefu wake yapata mita 6 na nusu, na ule mwepesi hauzidi sana kilo 18. Asiyeuzoea hupinduka kabla hajaondoka pwani.

Uzito wake una maana, kwa kuwa utabebwa. Mfereji hupanda na kushuka vilima kama ngazi, na kila kidato kina milango ya maji ya kuinua au kushusha mashua. Wenye kushindana hawaingii humo. Hapana budi watoke majini, wauchukue mtumbwi begani, wakimbie ukingoni na kuutia tena majini upande wa pili. Hufanya hivyo mara 77. Mwanzoni ni rahisi, kwa kuwa kutoka Devizes zipo maili 15 hivi zisizo na mlango hata mmoja. Kisha huja milango, na karibu na Savernake mfereji hupita chini ya kilima katika shimo lenye giza, urefu wake mita 459. Mbele ya shimo hilo iko milango ya Crofton, tisa kwa kufuatana, na hapo ndipo wengi hujua kwa mara ya kwanza kama wamejitayarisha au walijidanganya.

Baada ya maili 54, mjini Reading, huingia katika mto Thames. Usiku huwakuta huko. Pasaka ya Uingereza mara nyingi bado ni baridi kali, na nguo zimekwisha kulowa. Hapo ndipo kazi ya wasaidizi huonekana. Katika miaka ya mwanzo kila mtumbwi ulichukua chakula chake chote, na msaada wa mtu wa nje ulikatazwa; siku hizi hapana atokaye bila watu wake wa ukingoni. Pengine ni baba, au mke, au rafiki mwenye gari. Huendesha kutoka mlango hata mlango, wakingoja gizani na supu ya moto, wali wa maziwa, ndizi na soksi kavu. Mitumbwi ikifika, mmoja hushika mtumbwi na mwingine huwalisha watu wake huku wakitembea, maana kusimama ni kupata baridi.

Lakini chakula si kazi yao kubwa. Mtu aliyeshikwa na baridi mno hajui kwamba ameshikwa. Huacha kutetemeka, maneno yake huchanganyika, naye husisitiza kwamba yu mzima. Msaidizi ndiye apaswaye kumtazama usoni kwa taa na kukata shauri, aendelee au atolewe. Kumwambia ndugu yako aliyejitayarisha mwaka mzima kwamba safari imekwisha, saa nane za usiku, na yeye akikukasirikia, ni jambo gumu kuliko kupiga kafi. Wako wanaolitenda kila mwaka.

Tena iko hesabu, nayo ndiyo ambayo mvuvi wa pwani angeifurahia. Chini ya mlango wa Teddington, mto Thames hujaa na kupwa kwa nguvu za bahari. Kutoka hapo mpaka Westminster ni maili 17, na hapana mtumbwi uliochoka uwezao kupigana na maji yajaayo. Lazima wafike Teddington maji yakikaribia kupwa. Na kwa kuwa Pasaka hufuata mwezi mpevu, siku hiyo bamvua bado ina nguvu au ndiyo kwanza yaanza kulegea, na saa ya maji kujaa hubadilika kila mwaka.

Basi kila watu wawili hujichagulia wenyewe saa ya kuondoka Devizes. Tuseme maji ya Teddington yataanza kupwa Jumapili saa 12 alfajiri. Kutoka Devizes mpaka hapo ni maili 108. Waendao maili 6 kwa saa, pamoja na kubeba mtumbwi, huhitaji saa 18, kwa hiyo wataondoka Jumamosi saa 6 mchana. Waendao maili 5 wataondoka saa 2 na dakika 24 asubuhi. Lakini hao wa pili wakiwa wamejisifu kidogo tu, na mwendo wao hasa ni maili 4 na nusu, watachelewa saa 2 na dakika 24, na muda mwingi mzuri wa maji utakuwa umepotea. Wakichelewa mno huzuiwa wasiendelee mpaka maji yapwe tena, wakati mwili umepoa na mikono imevimba. Awahiye mno naye hukuta maji bado yapanda dhidi yake. Watu wenye nguvu nyingi wameshindwa hapo kwa sababu ya hesabu mbaya ya siku ya kwanza.

Mwendo bora kabisa, saa 15 na dakika 34, uliwekwa mwaka 1979, na haukupitwa kwa miaka zaidi ya 40. Wengi wa wafikao ni wa saa 20 na zaidi, na hapana atajirikaye kwa safari hiyo.

Katika daraja la Westminster, mkabala na Bunge, wasaidizi hushuka ngazi kuwashika mabega, maana miguu imekufa ganzi na mtu hawezi kutoka mtumbwini peke yake. Huvikwa blanketi, hupewa chai, mtumbwi hufungwa juu ya gari. Kisha yule aliyeendesha gari usiku kucha huanza safari ya kuwarudisha nyumbani, na hao wawili nyuma yake hulala kabla hawajauvuka mto.