Mimi na Witiri: Shilingi Moja Iliyotaka Kuvunja Udugu

Leo naungama kwenu: sauti ya redio yangu lazima isimame kwenye namba witiri. Nikiikuta 14, naipandisha 15 au naishusha 13. Nyumbani wameshachoka kuniuliza kwa nini.

Kwa aliyesahau hesabu za shule: shufwa ni namba inayogawika kwa mbili bila baki, kama 2, 4 na 10. Witiri ndiyo inayobakisha moja, kama 3, 7 na 11. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu, na huku Pwani witiri tunaijua hata kabla ya darasa. Kuna swala ya witiri usiku, na asubuhi ya Idi baada ya Ramadhani tunakula tende kwa idadi ya witiri kabla ya kwenda kuswali, kwa kumfuata Mtume. Nadhani mapenzi yangu yalianzia kwenye tende hizo.

Lakini watu wa programu ni watu wa shufwa. Hata Linux zamani ilikwenda hivyo: matoleo 2.2 na 2.4 yalikuwa ya kutumiwa na watu wote, 2.3 na 2.5 yalikuwa ya majaribio. Utaratibu ule uliachwa baada ya 2.6 kutoka Desemba 2003, ila fikra imebaki: shufwa ni utulivu, witiri ni fujo. Nami siwalaumu sana. Hapa Likoni, siku uliyovuka feri mara shufwa unalala kwako. Ukivuka mara witiri, umebaki kisiwani!

Sasa sikilizeni kilichonipata. Ndugu wawili wenye duka huku kwetu waliniomba niwaandikie programu ndogo ya kugawa faida ya kila siku, nusu kwa nusu. Nikaiandika kwa Java, nikaijaribu kwa 1000, 2500 na 800. Mambo safi. Nikawakabidhi.

Mwisho wa mwezi mkubwa wao akanijia na daftari. "Fundi, hesabu ya mkono na ya kompyuta zimepishana shilingi 17. Nani amezila?" Pesa kidogo, lakini mdogo wake alikuwa hasemi naye siku ya pili.

Mwizi nilikuwa mimi. Faida ikiwa 3475, programu ilimpa kila mmoja 1737. Jumla yake ni 3474. Java ikigawanya namba nzima kwa namba nzima, hutupa baki kimya kimya. Siku 17 za witiri, shilingi 17. Mimi mpenzi wa witiri kwenye redio, kazini nilijaribu kwa shufwa tupu!

Nikarekebisha: shilingi ya baki safari hii inakwenda kwa mkubwa, safari ijayo kwa mdogo, na programu inaiandika ionekane. Kisha nikakuta mtego wa pili. Nilikuwa naitambua witiri kwa kuuliza kama baki ya kugawa kwa 2 ni 1. Siku ya hasara, yaani -3, Java hujibu -1, na programu ingesema hiyo si witiri. Njia salama ni kuuliza kama baki si sifuri.

Maoni yangu basi ni haya. Shufwa inatufurahisha kwa sababu haitudai kitu. Witiri inakulazimisha useme ile moja iliyobaki ni ya nani, na kwenye pesa za watu hilo ndilo swali lenyewe. Ukiandika programu ya kugawa chochote, cha chama, cha mirathi au cha duka, anza kuijaribu kwa 7, kisha kwa -7. Ukimaliza ndipo ulete 1000 yako.

Ndugu wale wanasemezana, alhamdulillahi. Redio yangu iko 15. Wewe je, ni wa witiri au wa shufwa?