Faida Isiyopita Nyakato

Hoja za upande wa pili mmeshazisikia, vijiweni hapa Nyakato, Musoma, na hata midomoni mwa wasomi: machafuko ya Kenya ya 2007 na 2008 yalikuwa neema kwetu, na mapigano ya koo kule Tarime hayahusiani na uchumi. Nyinyi ndio mahakimu.

Wanasema reli ilipong'olewa Kibera na mafuta yakaadimika Kampala, mizigo iligeukia bandari ya Dar es Salaam. Sikatai, baadhi iligeuka. Ila fungueni ramani. Lori la Dar kwenda Uganda hupita Isaka na kutokea Mutukula. Shehena ya reli hupakiwa melini Mwanza. Musoma haimo. Njia yetu ni ya mpaka wa Sirari, ndiyo inayomleta mnunuzi wa dagaa kutoka Kenya. Akijifungia kwao kwa kuogopa mapanga, dagaa hubaki kwenye magunia huku mwenye mtumbwi akidaiwa petroli. Ushuru wa Dar wanauita mapato ya Mara!

Wanasema pia hasara ilikuwa ya muda mfupi, kwa kuwa Rais Kibaki na mpinzani wake Raila walitia saini mapatano Februari 28, 2008. Saini ilituliza mapanga, haikupanda mahindi. Wakulima waliofukuzwa Bonde la Ufa mvua za masika ziliwakuta kambini. Uchumi wa Kenya uliokua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2007 haukufika asilimia 2 mwaka uliofuata. Watajitetea kwamba mtikisiko wa fedha duniani ulichangia. Ulichangia, lakini benki ya Lehman Brothers ilianguka Septemba. Mashamba yalikosa jembe tangu Machi. Halafu walewale wanaokuza neema ndio wanaopunguza vurugu zilizoileta. Wachague moja.

Eti ujenzi mpya ulileta ajira. Fundi aliyelipwa kurudisha reli alirudisha ileile ya jana.

Imebaki Tarime. Kule, wanadai, ni mila tu. Mbona basi mkoa mmoja wa Mara una makamanda wawili wa polisi, mmoja akiwa wa Kanda Maalumu ya Tarime na Rorya? Mshahara, magari na dizeli ya huyo wa pili havilipwi kwa mila. Tena haohao hukiri kwamba ng'ombe wa Mkurya wa Tarime ni mahari, ada ya shule na akiba yake; wakishaswagwa usiku, ghafla ni utamaduni. Na ardhi inayogombaniwa na koo mbili hailimwi kwa amani na yeyote. Nayo waiandike kwenye safu ya faida.