Liemba: Mabaki ya vita au chombo cha wananchi?

Na Mwandishi Wetu, Lilongwe

KATIKA siku saba tu za kila mwaka, nchi nne ambazo watu wake wanakutana Dzaleka huadhimisha uhuru. Kongo huanza Juni 30, Rwanda na Burundi hufuata Julai 1, na wenyeji wetu Malawi humalizia Julai 6.

Ni wiki ya magwaride. Askari hupita kwa mistari, bendi hupigwa, na magari ya kijeshi yanapotokea watoto hushangilia. Yakichakaa, baadhi ya magari hayo hupelekwa makumbusho, yakapakwa rangi upya, na watu wakaenda kupiga nayo picha.

Hakuna ubaya katika hilo. Lakini mkazi wa Dzaleka halitazami lori la askari kwa macho ya mtalii. Wengi walikimbia kwao baada ya kuyaona magari ya aina hiyo yakiingia kijijini. Na wale waliokuwa wakiendesha biashara Lilongwe wanaikumbuka Mei 2023, wakimbizi walipokamatwa mjini na kurudishwa kambini, wengine wakiacha maduka na bidhaa.

Kwa hiyo swali la chombo gani cha vita kihifadhiwe, na kisimulie habari za nani, linatuhusu.

Malawi yenyewe ina mfano. Mjini Mangochi, karibu na mnara wa saa, umewekwa mzinga wa meli ya kivita ya Waingereza, HMS Gwendolen. Agosti 13, 1914, siku chache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, meli hiyo ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa ikitengenezwa ufukweni Liuli, sasa Tanzania.

Kisa hicho husimuliwa kwa majina ya manahodha. Maelfu kwa maelfu ya Wamalawi waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika vita hiyo, ambao hapa huitwa tengatenga, hutajwa kwa haraka tu, kama wanatajwa.

Mfano wa pili uko Ziwa Tanganyika, na huu wasomaji wetu wanaufahamu zaidi. MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma na kuunganishwa upya. Mwaka 1915 iliingia majini, ikafungwa mizinga.

Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nzito ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina la Liemba.

Tangu hapo chombo kilichotumika vitani kikawa cha abiria. Mwaka 1997 kilitumika kuwarudisha makwao makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokuwa wameikimbia vita ya Zaire. Mei 2015 kazi iligeuka: Warundi walipofurika katika kijiji cha Kagunga, huku kipindupindu kikiwaandama, Liemba iliwachukua kwa mamia kila safari hadi Kigoma.

Wapo wanaosema meli ya zaidi ya miaka 100 imetosha, iwekwe nchi kavu iwe makumbusho. Hoja yao ina uzito, kwani usalama wa abiria si jambo la kuchezea. Hata hivyo, mwaka 2023 Tanzania ilichagua njia nyingine na kutia saini mkataba wa kuikarabati ili iendelee kusafiri.

Kwa maoni yetu, uamuzi huo ni sahihi, na sababu yake iko sokoni. Liemba ilipokuwa ikifanya safari zake kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ilisimama katika vijiji visivyo na gati. Mitumbwi iliifuata majini, ikipakia dagaa na mazao na kushusha sukari, sabuni na abiria. Ilipoacha kusafiri, mfanyabiashara mdogo alibaki na maboti ya mbao, ambayo upepo ukivuma hayana dhamana, au barabara ndefu yenye nauli ya juu.

Anayetoka Dzaleka kurudi Kalemie au Fizi hupita Karonga, akavuka Songwe, akapanda hadi Mbeya, na bado ana ziwa mbele yake. Mwaka 2025, vita vilipoikumba Goma mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari, wengi walilazimika kujiuliza upya kama huu ni wakati wa kurudi. Meli haiwezi kumjibu mtu swali hilo. Lakini anayeamua kwenda, na anayelazimika kukimbia tena, wote wanahitaji chombo kisichozama.

Makumbusho nayo yasisahauliwe. Chumba kimoja bandarini Kigoma kingetosha, chenye habari za wapagazi, mafundi wa grisi, waliorudi mwaka 1997 na waliokuja mwaka 2015. Wengi wao wako hai, na baadhi ya waliopita njia hiyo wanaweza kuwa Dzaleka leo. Waulizwe sasa, wakati bado wanakumbuka.

Wenye mamlaka wakumbuke pia kuwa rangi mpya na sherehe ya uzinduzi si kipimo cha ukarabati. Kipimo ni nauli ambayo mama muuza dagaa anaimudu, ratiba isiyobadilika kila wiki, na maboya ya kutosha kwa kila aliyekata tiketi.