Mjamzito Mwenye Saratani Hakatazwi Dawa

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo huku Mawengi, mama mjamzito akigundulika na saratani huambiwa haraka mambo mawili: dawa zitamuua mtoto, na Mkristo mwema huzikataa. Sisi mafrateri tunaosoma falsafa hatukubaliani na lolote kati ya hayo.

La kwanza ni la madaktari. Dawa za saratani ni hatari zaidi miezi mitatu ya mwanzo, viungo vya mtoto vinapoumbwa. Baada ya wiki ya 14 hali hubadilika. Doksorubisini na siklofosfamidi zimetumika kwa wajawazito wenye saratani ya matiti. Utafiti wa mwaka 2015, uliofuatilia watoto 129 ambao mama zao walipata saratani wakiwa wajawazito, wengi wao wakitibiwa kwa dawa za saratani, haukuona kasoro katika akili wala moyo kuliko kwa watoto wengine. Kilichowasumbua zaidi ni kuzaliwa njiti. Si dawa zote, lakini: methotreksati, tamoksifeni na trastuzumabu huepukwa, na mionzi ya nyonga humdhuru mtoto.

La pili ni letu. Papa Pius XII alieleza mwaka 1951 kwamba tiba ya kuokoa uhai wa mama, isiyomlenga mtoto na isiyoweza kusubiri, inaweza kuwa halali hata mtoto akipotea. Mzizi wake umo kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino: tendo moja, matokeo mawili, moja tu likikusudiwa.

Hapo huletwa Mtakatifu Gianna Beretta Molla, aliyefariki 1962, eti alikataa tiba ya saratani. Alikuwa na uvimbe wa fibroidi, si saratani, na alifanyiwa upasuaji akiwa mjamzito! Alichokataa ni kutoa mimba na kuondolewa kizazi. Anayemhubiri asome kwanza maisha yake.

Kwetu kikwazo kikubwa ni umbali. Hadi Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 700, na saratani haisubiri michango. Parokia zinazochangia harusi kwa wiki mbili tu zinaweza kuwa na mfuko wa nauli, chini ya WAWATA, wenye fedha tayari. Na mjamzito anayehisi uvimbe kwenye ziwa asiambiwe ni maziwa yanajaa. Asindikizwe zahanati wiki hiyo hiyo.