MPENDWA, MASHINE HAIPIMI ROHO

Ile video mnayonitumia kwa WhatsApp, eti sayansi imethibitisha ibada hutikisa mashine, nimeitazama.

Mashine zipo kweli. Roger Nelson wa Princeton, Marekani, alizipeleka kwenye mikusanyiko, na tangu 1998 akazisambaza nchi nyingi. Ni kama kurusha sarafu mara 200 kila sekunde. Watu wakiwa na hisia moja, anadai, matokeo huegemea kando. Wanaipenda sana Septemba 11, 2001. Lakini Edwin May na James Spottiswoode (na hao si wapinzani wa mambo hayo!) walionyesha kwamba ukiongeza nusu saa tu kwa muda uliohesabiwa, ajabu inayeyuka. Ukichora goli baada ya mpira kusimama, utakosaje kufunga?

Hata ingefanya kazi, si ingetikisika pia Gor wakicheza na Ingwe? Msisimko si Roho. Na Jumatano tukiwa watu saba, mashine ikanyamaza, utamwambia yule mama anayemlilia mwanawe kwamba hakusikika?

Wanaotaka tuchange tuinunue, mimi simo. Ijumaa ni kesha, saa tatu usiku.