Picha Isiyo na Kichwa

Katika miaka yangu ya kuwafunza walimu, picha moja iliniudhi kuliko zote zilizotundikwa katika madarasa ya biolojia. Ni ile ya viungo vya uzazi: mji wa mimba, mirija, ovari, na kando yake korodani. Imechorwa vizuri, ila mwili umekatwa kiunoni. Kichwa hakimo! Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba uzazi ni kazi ya tumbo, na mtoto asipopatikana, tumbo la mwanamke ndilo lenye kosa.

Huo ni uongo, na ulikwisha kufichuliwa zamani. Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, Ernst Knobil na wenzake waliwachunguza kima wa Asia waitwao rhesus. Waliharibu sehemu ndogo ya ubongo iliyo juu ya tezi ya pituitari, na homoni mbili za tezi hiyo, zile zinazoziamuru ovari, zikadidimia. Kisha wakawapa kima hao homoni ya ubongo, GnRH, kidogo kidogo, mara moja kila saa. Zile mbili zikarudi. Walipoitia mfululizo bila kuipumzisha, zikazimika tena. Hayo waliyatangaza mwaka 1978. Mwaka 1980 wakaeleza jambo la ajabu zaidi: kima wachanga walipopewa homoni hiyo kila saa, walibalehe kabla ya wakati, ilipokatizwa, wakarudi utotoni. Kumbe ovari zilikuwa tayari siku zote, zikingoja amri kutoka juu.

Wapo watakaonijibu kwamba binadamu si kima. Sawa. Lakini mwaka huohuo wa 1980 madaktari wa Ujerumani walitoa taarifa za wanawake waliopata mimba baada ya kupewa homoni hiyo kwa pampu ndogo, kwa vipindi. Matumbo yao hayakuwa na kasoro iliyowazuia.

Tena ubongo huo husikia shida. Mwili ukikosa chakula cha kutosha, au ukichoshwa kupita kiasi, mapigo ya homoni hupungua na hedhi huweza kukoma. Sasa mchukueni mke anayelima tangu alfajiri, anayekula makombo, anayesimangwa na mawifi kila jioni, halafu mwiteni tasa! (Wasimangaji wenyewe hawaitwi kupimwa chochote.)

Na mume je? Homoni zilezile mbili za pituitari ndizo zinazoziamuru korodani, nazo hutegemea GnRH ileile. Hata hivyo nimekaa katika vikao vya ukoo ambako mke wa pili alitajwa kabla mume hajapimwa hata mara moja, na aliyethubutu kuuliza habari za kipimo alionekana mtovu wa adabu.

Walimu wenzangu mlio kazini, chukueni kalamu mkaongeze kichwa katika picha hizo za ukutani, na ile ya mwanamume msiisahau.